MBOLEA YA MAGNESI KWA MITI YA UANI NA MICHE YA MAKOPONI



Somo la safari hii si la konde kubwa. Ni la uani na la barazani, pahala ambapo wengi wetu tuna mlimau karibu na mlango wa jikoni, makopo ya pilipili na tungule, mrihani wa kutia katika kikuba, na miche michache ya mikarafuu iliyowekwa kivulini ikingojea masika. Twalileta somo hili kwa sababu limetokea jambo, na katika jambo hilo sisi ofisini tuna fungu letu la lawama.

Mwanzoni mwa kaskazi alitujia Bibi mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi. Alikuwa amefunga majani katika ncha ya kanga yake. Tukamwamkia, "Shikamoo Bibi." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," kisha akaifungua ile ncha na kuyamwaga majani juu ya meza. Yalikuwa ya manjano.

Akasema, "Nyinyi mliandika katika jarida lenu kwamba jivu ni mbolea. Mjukuu wangu akanisomea, nikatia jivu. Majani yakawa hivi. Jirani akanambia tia haluli, nikatia haluli. Sasa miche inakufa. Haya, niambieni, nitie nini tena?"

Hatukuwa na jawabu ya kumpa pale mezani. Tukafuatana naye hadi kwake. Tulikuta makopo 18 ya miche ya mikarafuu. Miche 7 ilikuwa imeungua kingo za majani, na juu ya udongo wake pameganda weupe kama chumvi. Hiyo 11 iliyobaki ilikuwa hai, lakini majani yake ya chini yamepauka. Mlimau wa mlangoni nao ulikuwa manjano nusu. Miche ile haikuwa ya mchezo. Katika shamba aliloachiwa na marehemu mumewe mikarafuu kadha wa kadha imezeeka na kukauka, na miche hiyo ndiyo aliyokuwa ameiweka kuziba mapengo masika haya. Mche ukifa leo, ni mwaka mzima mwingine wa kungoja, na mtu mzima hana miaka ya kuchezea.

Basi tukaona wajibu wetu ni kuandika somo lililo kamili, si nusu.

1. MAGNESI NI NINI

Magnesi ni madini mojawapo ambayo mti huyala kutoka katika udongo. Wote twajua kwamba jani zima lina rangi ya chanikiwiti. Ukijani huo si pambo. Ndio jiko la mti: humo mti hupika chakula chake kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Na kila chembe ya ukijani huo ina magnesi katikati yake, kama jiwe lililo katikati ya pete. Mtaalamu wa Ujerumani, Richard Willstätter, aliuchunguza ukijani wa majani na kuthibitisha kwamba magnesi ni sehemu yake khasa, wala si taka iliyoingia kwa bahati. Kwa kazi yake juu ya rangi za mimea alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1915.

Kwa hiyo mti ukikosa magnesi, ukijani hupungua, jiko huzimika, na mti hudumaa. Matunda huwa machache na madogo. Hili ni kweli kwa mlimau, kwa pilipili, kwa mwaridi wa kwenye chungu, na kwa mche wa mkarafuu pia.

2. KUSOMA JANI

Sisi sote tulipoanza chuoni tulifundishwa herufi kwanza, ndipo tukafundishwa kusoma. Aliyeruka herufi alisoma kwa kubahatisha, akapigwa. Jani nalo lina herufi zake, nazo si nyingi. Kabla hujanunua dawa yo yote, zishike hizi.

Kwanza, tazama ni jani gani lililougua: la chini lililokomaa, au la juu lililo changa? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Magnesi inaweza kuhama ndani ya mti. Mti ukiwa na njaa nayo hufanya kama mzazi wakati wa shida: huitoa katika majani makongwe na kuwapa machanga. Ndiyo sababu njaa ya magnesi huanzia majani ya chini, na ya juu hubaki mazuri kwa muda.

Pili, tazama mishipa ya jani. Katika njaa ya magnesi, umanjano hukaa baina ya mishipa, na mishipa yenyewe hubaki kijani, hata jani likaonekana kama lililochorwa. Kwa mlimau, mchungwa na mdanzi kuna alama nyengine: karibu na kikonyo cha jani hubaki pembe tatu ya kijani, na pande zake zote mbili ni manjano. Kwa mnazi, makuti ya chini huwa manjano pembezoni, na katikati karibu na uti hubaki kijani.

Sasa linganisha na haya, ambayo si njaa ya magnesi:

(a) Jani la chini limepauka lote sawasawa, mishipa na yote. Hiyo kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni. Mti huo wataka samadi.

(b) Majani machanga ya juu ni manjano na mishipa yake ni kijani, na ya chini ni mazima. Hiyo mara nyingi ni njaa ya chuma. Huonekana sana katika ardhi ya maweni yenye chokaa nyingi, au katika makopo yanayonyweshwa maji magumu ya visima vya huko. Hapo haluli haitakusaidia kitu.

(c) Kingo za majani ya chini zimekuwa kahawia na kukauka kama zilizochomwa. Yaweza kuwa njaa ya potasi, au chumvi imezidi katika udongo.

(d) Mti mzima umelegea na udongo umelowa siku zote. Hiyo ni mizizi inayooza kwa maji. Toboa kopo chini, punguza kunywesha.

(e) Jani moja au mawili ya chini yamekuwa manjano yakaanguka, na mti wote mzima. Huo ni uzee wa jani. Mwache apumzike, wala usimtilie dawa.

3. KWA NINI MAGNESI HUPUNGUA

Sababu ya kwanza ni maji. Magnesi huyeyuka na kuchukuliwa na maji kwenda chini. Ardhi ya kichanga, na mvua kubwa kama ya masika yetu, huifua ardhi na kuiacha tupu. Ardhi ya kinongo iliyoshiba mboji huishika zaidi. Katika kopo shida ni kubwa zaidi, kwani kopo lina udongo mchache, nasi hulinywesha kila siku, na kila kata ya maji ipitayo chini huondoka na sehemu ya chakula.

Sababu ya pili ni ushindani, na hapa ndipo tulipokosea sisi. Mzizi una milango yake ya kuingizia chakula. Potasi ikijaa tele mlangoni, magnesi hubaki nje ijapokuwa imo katika udongo. Chokaa nyingi na baadhi ya mbolea za dukani za naitrojeni nazo zaweza kufanya hivyo. Jivu la kuni lina potasi na chokaa kwa wingi, na jivu la makumbi ya nazi ndilo lenye potasi nyingi khasa. Magnesi imo ndani ya jivu pia, lakini ni kidogo, na hushindwa na wenziwe.

Yule Bibi hupikia makumbi. Kila asubuhi alizoa jivu jikoni akagawa: konzi kwa kila kopo, na lililobaki akalimwaga chini ya mlimau. Mwaka mzima alifanya hivyo, kwani jarida letu lilisema kwamba jivu ni mbolea njema, kisha likanyamaza. Halikusema kiasi gani, wala mara ngapi, wala ardhi gani. Neno tuliloliandika lilikuwa kweli, lakini kweli isiyo kipimo humtia mtu hasarani. Twawaomba radhi wanachama wote waliolifuata.

Sasa twasahihisha: jivu kwa tuta la bustani lisizidi konzi moja kwa hatua moja ya mraba, mara moja kwa mwaka, nalo lichanganywe na udongo. Kwa makopo ya miche, usitie. Kwa ardhi ya maweni, usitie kabisa, kwani chokaa imekwisha kujaa huko.

4. HALULI NA NDUGUZE

Wazee wetu waijua haluli kwa uchungu wake, kwani ilikuwa dawa ya kuharisha. Kwa jina la kitaalamu ni salfeti ya magnesi. Chumvi hii ilijulikana Uingereza katika karne ya 17, katika maji machungu ya chemchemi za mji wa Epsom, karibu na London, na daktari Nehemiah Grew aliandika kitabu juu yake mwaka 1695. Ndiyo maana pakiti nyingi huandikwa jina la Epsom mpaka leo. Katika kila gramu 100 za haluli safi mna kadiri ya gramu 10 za magnesi, na salfa gramu 13, ambayo nayo ni chakula cha mti. Huyeyuka upesi katika maji, na kwa hiyo hufanya kazi upesi na huondoka upesi.

Nduguye ni kiserati, chumvi ya aina ile ile lakini isiyo na maji mengi ndani yake. Ina magnesi zaidi kwa uzito, na huyeyuka polepole, hivyo yafaa kwa miti ya shambani. Wa tatu ni chokaa ya dolomaiti, ambayo ni jiwe lililosagwa lenye chokaa na magnesi pamoja. Hii yafaa kwa ardhi iliyochachuka tu. Ukiitia katika ardhi ya maweni umezidisha ugonjwa.

Wa nne hauzwi dukani: ni samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na mboji ya majani. Samadi ina magnesi pamoja na vyakula vingine vyote, tena huishika isichukuliwe na maji. Anayetia samadi kila mwaka mara nyingi hahitaji haluli. Twaweka neno hili hapa makusudi, kabla ya vipimo, ili mtu asikimbilie dukani naye ana jaa la mboji nyuma ya nyumba.

Tahadhari mbili. Chumvi ya kula si haluli, nayo huua mimea. Msidanganyike na rangi. Na haluli inayouzwa kwa mimea isinywewe kama dawa, wala isiachwe pahala watoto wafikapo.

5. VIPIMO

Kijiko chetu hapa ni kile kilichofutwa usawa, si kilichorundikwa. Kijiko cha chai ni kama gramu 5, na kijiko kikubwa ni kama gramu 15.

Kwa makopo, vyungu vya maua na miche: kijiko kimoja cha chai katika lita 4 za maji. Koroga mpaka ipotee. Nywesha udongo kwa maji matupu kwanza, ndipo utie maji ya haluli, kwani mzizi mkavu huungua. Fanya mara moja kwa mwezi, isipite miezi mitatu, kisha tazama. Kopo lazima liwe na tundu chini.

Kwa mlimau, mchungwa na miti kama hiyo: gramu 30, yaani vijiko vikubwa 2, kwa kila mita moja ya mraba ya ardhi iliyo chini ya matawi. Mathalan, mti ambao matawi yake yameenea mita 2 kutoka upande hadi upande una kadiri ya mita 3 za mraba chini yake, basi utapata gramu 90, yaani vijiko vikubwa 6. Nyunyiza mbali na shina, chini ya ncha za matawi zaidi, halafu nywesha. Chagua siku ardhi ina unyevu. Usitie usiku wa kuamkia mvua ya kishindo, ukaipeleka fedha yako baharini.

Kwa kupulizia majani ya mti mkubwa: gramu 20 katika lita 1 ya maji, yaani kijiko kikubwa kimoja na cha chai kimoja, na matone machache ya sabuni ili maji yashike. Pulizia jioni au siku ya mawingu, kwani jua kali litaunguza jani. Rudia baada ya wiki mbili, mara mbili au tatu tu. Usipulizie miche michanga kwa nguvu hii. Kwayo yatosha yale maji ya kunywesha tuliyotaja.

Jani lililokwisha kuwa manjano sana huenda lisirudi. Usilihukumu jambo kwa jani hilo. Hukumu kwa majani yanayofuata: kama ugonjwa haupandi juu tena baada ya wiki tatu au nne, dawa imeingia.

Na kanuni ya mwisho, ambayo ni bora kuliko vipimo vyote: mmoja upe, mmoja uache. Ukiwa na makopo mawili yenye ugonjwa mmoja, lipe moja haluli, na jengine liache vivyo hivyo, kisha linganisha. Asiyeacha hata moja hajui lililomponyea.

6. MAMBO AMBAYO HALULI HAIYAWEZI

Yako maneno yanapita katika matawi yetu kwamba haluli huponya kila kitu. Si kweli.

Haifukuzi wadudu wala konokono. Haiponyi mkarafuu unaokauka ghafla, wala tawi linalokufa kuanzia nchani; mambo hayo ni maradhi, si njaa, na yafaa aitwe bwana shamba. Haizidishi maua ya mwaridi ambao haukuwa na njaa ya magnesi. Na kwa tungule zinazooza kitako huweza kuzidisha balaa, kwani ugonjwa ule hutokana na kalisi kutofika katika tunda, mara nyingi kwa kunywesha leo sana na kesho kusahau, na magnesi nyingi huizuia kalisi mlangoni, kama vile potasi inavyoizuia magnesi yenyewe. Kila chakula kina zamu yake, na kila kilichozidi humnyang'anya mwenziwe.

7. MWISHO WA KISA

Kwa yule Bibi tulifanya hivi. Jivu lilisimamishwa. Makopo yote yalioshwa: tulimimina maji ya mvua mengi, kadiri ya ujazo wa kopo mara tatu, yakapita chini na kuondoka na chumvi iliyozidi. Ile miche 7 iliyotiwa haluli konzi konzi haikupewa kitu tena. Katika ile 11, tuliipa 6 maji ya haluli kwa kipimo tulichokiandika, na 5 tukaiacha.

Baada ya wiki sita, katika miche 7 iliyoungua, 5 ilikuwa imekufa na 2 imechipua. Ile 11 yote iliishi. Ile 6 iliyopewa haluli ilitoa majani mapya mazuri kwanza, na ile 5 ikafuata nyuma yake. Kwa hiyo twasema kwa haki: haluli ilisaidia, lakini kazi kubwa ilifanywa na kuacha jivu na kuosha udongo. Mlimau nao ulipewa gramu 90, na majani yake mapya yametoka kijani.

Miche 5 iliyokufa tumeilipa kutoka kitalu cha chama, kwani kosa lilianzia katika ukurasa wetu. Bibi alipoipokea aliigeuza mmoja mmoja, akatazama majani ya chini, kisha ya juu, kisha mishipa. Halafu akauweka mmoja pembeni, akasema, "Huu majani yake ya juu ni manjano. Nipeni mwengine." Alikuwa amesema kweli, nasi hatukuwa tumeuona. Tukambadilishia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MATAWINI

(1) Kwa nini njaa ya magnesi huanzia majani ya chini?
(2) Mche una majani machanga ya manjano, na ya chini ni mazima. Je, utautilia haluli? Kwa nini?
(3) Katika nyumba yako, jivu la jikoni humwagwa wapi? Kuna mti gani hapo, na majani yake yakoje?
(4) Mti wako una matawi yaliyoenea mita 2. Utaupa vijiko vingapi?
(5) Una makopo 6 yenye ugonjwa mmoja. Utayagawaje ili ujue kweli?

Mwanachama mwenye shaka aje ofisini siku yo yote ya kazi na majani mawili ya mti wake: moja la chini na moja la juu. Na asisahau kutwambia ni nini alichokuwa akiutilia.

Wasalaam,
Katibu wa Chama